Vioo Juu ya Basi la Papa

Mubi, wiki ya Pasaka, 2013

Papa mpendwa,

Nakusalimu kwa furaha ya Bwana aliyefufuka. Goti lako linaendeleaje? Mama ameacha kukohoa? Mimi ni mzima, hata nimenenepa kidogo. Nakuandikia kwa sababu antena ya huku iliungua katika mapigano, na simu zetu zimebaki kuwa tochi tu.

Papa, Pasaka imefika. Unakumbuka maneno yako siku uliponikabidhi basi lako kuukuu: paneli za sola zikifa kabla ya Pasaka, basi linarudi Butembo kubeba abiria, nami narudi dukani kupima chumvi. Ulisema mbele ya kaka Constantin na majirani wote kwamba vioo juu ya paa, katika barabara ya Masisi, ni vya ndege kujitazamia. Watu walicheka sana. Mimi sikucheka, na maneno hayo nilisafiri nayo.

Mwanzoni ilionekana umeshinda. Tulipakia jibini la Mama Béata, mfugaji wa Masisi, kulipeleka soko la Mubi, tukaliweka ndani ya frigo kubwa, jokofu linalokula umeme wa paneli, pale zilipokuwa siti za nyuma. Tukiondoka frigo linanguruma vizuri, betri zikiwa bado na umeme. Tukifika msituni, kimya. Kila safari hivyo hivyo. Kisha risasi zikatuzuia Nyabiondo siku kadhaa. Frigo likazima kabisa, jibini likatoka jasho, na harufu yake ikawasogeza mbali hata askari wa bariera, kile kizuizi cha barabarani. Nililia, Papa. Mama Béata aliniamini, nami namwozeshea mali yake. Nikamwambia Straton, dereva uliyenipa, kwamba paneli zimekufa kwa kutikiswa. Njia ikifunguka tugeuze, tuelekee Butembo.

Nikapanda juu ya paa kuzifungua kwa mikono yangu. Nikakuta nini? Turubai! Turubai zito la kijani, limekazwa kwa mipira ya tairi, limezifunika paneli zote kama magunia ya maharage. Kumbe kila tukiondoka, mimi nikiwa ndani napanga jibini, Straton alikuwa juu anafunika, na jioni tukifika anafunua. Pale Nyabiondo aliliacha tu, kwa kuwa bado tulikuwa safarini. Nilimfokea. Alinishangaa kweli, akasema: "Mama, kioo iko kitu ya kufunika! Mvua ya mawe ikipiga, ndo utalia." Unamjua, amepakia malori tangu ujana wake, kwake mzigo kukaa uchi juu ya paa ni aibu. Lakini sola gani hula gizani?

Nililivua turubai. Kabla jua halijapinda frigo lilianza kunguruma, nami nikacheza juu ya paa mpaka askari wakanipigia makofi.

Tangu siku hiyo paneli zinasafiri uchi. Mvua ya mawe imezipiga kule Masisi, matawi ya Walikale yamezichapa, tope limezipaka. Moja ina ufa kutoka kona hadi kona tangu jiwe lilipoturukia, na bado inatoa umeme. Juzi tumeingia Mubi na jibini la baridi kama maji ya kisima, wanawake wa soko wakapiga vigelegele. Mama Béata ameshatuma salamu, anaongeza mzigo. Nimeshinda, Papa! Waambie na majirani.

Sasa sikia hili. Jana tukinywa chai nilimtania Straton kwamba turubai lake nusura linirudishe dukani. Akainamisha kichwa, akasema si lake. Alilipokea kutoka mikononi mwako alfajiri ile tulipoondoka, na mipira uliikata wewe mwenyewe. Ulimwambia azilinde paneli za mtoto wako zisivunjike, na mimi nisijue. Papa! Mbele ya watu ulinicheka, kumbe kisirisiri ulinifunika. Nilicheka mpaka machozi, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

Turubai sikulitupa. Nimelitundika ubavuni mwa basi, na wateja wangu wanakaa kivulini mwake wakingoja jibini.

Nibusie Mama, msalimie kaka Constantin, na Bwana awalinde nyote. Njia ikitulia njoo ujionee. Siti ya mbele nimekuwekea. Ila tafadhali, Papa, usije na turubai lingine.

Mimi binti yako akupendaye,
Kahambu