Wimbo Uliokatwa Mabegani

Bukavu, mvua tangu asubuhi

Mujukuu wangu Nsimire,

Huko Idjwi muko salama? Mimi niko muzima, hata kama watu wa hapa hawajui kusonga bugali.

Uliniomba foto ya tate yako, bwana yangu, na yeye alikufa bila kupigwa hata moja. Basi nilienda kwa mupiga foto wa Nyawera, nikaweka kiti kitupu pembeni yangu, nikaanza wimbo wake wa sifa. Unajua sisi tunaanzaka na miguu, kwa sababu mufu anakuja kwa miguu, halafu magoti, mikono, mabega. Nilipofika mabegani, yule mupumbavu mwenye tai akapiga kelele: "Maman, funga kinywa, unaharibu foto!" Nikafunga. Akapiga.

Leo alinipa foto, ameishika kwa ncha za vidole. "Maman, kile kiti hakikukuwa kitupu?"

Nikamujibu: "Ungeniacha nimalize, ungeona na uso."

Barua hii nimeiandika nyuma ya foto yenyewe: geuza, umusalimu. Miguu ni yake, hata kile kidole kilichokatwa na jembe. Mabega ni yake. Kichwa hakuna.

Wewe unayecheka sauti yangu, ubeti wa uso nilikufundisha mwenyewe. Kula vizuri, mama, uchunge mbuzi zangu, na usiuimbe ule ubeti mbele ya foto mpaka nifike. Kama umekwisha kuuimba, usigeuze tena. Uifunike, uningojee. Mimi ndiye muke wake, ni mimi wa kwanza kumutazama.

Tate yako mwanamuke