Jicho la Kocha

Dada Adela, shikamoo! Nakuandikia kutoka Kamuli, kwa mume wangu. Mume wangu! Migomba imetuzunguka hadi mlangoni, mvua inanyesha kila alasiri, na mama mkwe ananilisha ndizi kama mgonjwa.

Jana nilimfuata Deo wangu anakofundisha ngumi, kwenye uwanja wa kuanikia kahawa. Alikuwa akimkingia bondia wake padi, ngumi ikampata upande wa kushoto, akaanguka.

"Kocha, ndoa imekulegeza!" mabondia wake wakamcheka, naye akacheka.

Nilipomfuta damu alininong'oneza kwamba jicho la kushoto halioni tangu pambano lake la mwisho, na la kulia limeanza kuona ukungu. Wakijua hawatarudi, na ngumi ndiyo kazi pekee aliyonayo.

Leo nimesimama kando yake. Kila ngumi ikitokea kushoto naita, "Mpenzi!" naye anainama.

"Shemeji, mapenzi gani haya?" wanacheka hadi machozi.

Waache wacheke. Nimekutilia kadi yake ya kliniki ya macho kwenye bahasha, umwulizie daktari huko; usimwonyeshe mtu mwingine, hata mama. Nakupenda sana, dada. Niombee jicho la kulia, ndilo linaloniona.

Mdogo wako, Jovitha