Fulana Yenye Uzi wa Kijani

Mume wangu,

Sisi hatujambo. Bati lililokuwa linavuja limezibwa, na mama yako anakusalimu.

Huku makumbusho tunakusanya vitu vya kampeni za zamani: kofia, beji, mabango. Juzi dada mmoja mwenye duka la maua alituletea fulana ya mgombea wa mwaka ule tuliooana. Bega la kushoto limeshonwa kwa uzi wa kijani, mkono wangu kabisa, maana siku ile mweupe ulikuwa umeniishia. Wewe uliniambia imeibwa ikiwa imeanikwa kambani.

Nilimuuliza kwa adabu ameipata wapi. Akacheka. "Ya mtu wangu. Nilikuwa naivaa nikilala, sasa imechakaa." Ni mzuri, sikatai. Ana mwanya, na anajua kuutumia.

Kwetu kitu kikishapokelewa hakifuliwi wala hakifumuliwi, kwa hiyo mshono wangu utakaa kwenye kabati la kioo watu wautazame. Fomu nimeijaza yote isipokuwa mstari mmoja: "Aliyeivaa." Nimeiambatanisha hapa. Ujaze kwa mkono wako, uirudishe kwa anwani ya makumbusho. Ile ya nyumbani isahau.

Ni mimi,
fundi wa bega la kushoto