Yai la wifi kwenye mkate wangu

Ijumaa, Jeddah

Yai! Nani anatia yai kwenye mkate wa nyama ya kusaga?

Leo madam ninayemfanyia kazi za nyumbani alitoka na watoto wake, akaniambia nijipikie ninachotaka. Basi nikajipikia ule wa kwetu Mombasa: nyama, kitunguu kingi, nyanya, bizari, mkate umepasuliwa ukajazwa mpaka haufungiki. Unauinamia juu ya sinia, mchuzi unakuchuruzika mpaka kwenye kiwiko, na kinachoanguka unakizoa kwa ganda la mkate. Mwanangu Saumu nilimfundisha mimi kuula hivyo.

Nikampigia simu ya video nimuonyeshe. Nilidhani ataumezea mate. Akasema tu, "Mama, huo mkavu. Shangazi huvunja yai juu ya nyama, halafu anafunika sufuria."

Shangazi ni wifi yangu Rukia, anayenilelea mtoto. Nilimsikia akicheka huko nyuma. "Mwache mamako ale, Saumu."

Mwache mamako! Najua napaswa kumshukuru, na kila siku namshukuru. Lakini mkate ule ulikuwa wangu na Saumu, na sasa hata huo...

Nilipokata simu nikavunja yai juu ya nyama iliyobaki, nikafunika. Nilitaka niuonje, niuteme, niseme nilijua.

Nimeula wote. Nimelamba na sinia.

Ni mtamu kuliko wangu, na Rukia hatalisikia hilo kinywani mwangu.