Somoe Aliniuliza Habari za Kondoo

Shikamoo dada Rehema,

Newala ni ukungu na baridi, lakini mimi natoka jasho. Kipimo cha Masasi kimeonyesha mtoto aliye tumboni mwa wifi yetu Somoe ana tundu kwenye kiwambo, ule ukuta unaotenga kifua na tumbo. Utumbo umepanda kifuani, unabana mapafu.

Leo tunakula, akaniuliza: "Wale kondoo wenu wa utafiti kule kazini kwako, mnaowapasua kuziba tundu kama hili watoto wangali tumboni, watoto walizaliwa wakapumua?"

Mikono yote ikasimama juu ya ugali wa muhogo.

Nikamjibu: "Wengine ndiyo, wengine hapana. Na kwa binadamu, hapa kwetu bado."

"Basi wapo waliopumua," akasema, akamega tonge.

Kesho nampeleka Dar, ajifungue karibu na madaktari wa upasuaji wa watoto. Tuombee sana, dada. Nawapenda nyote.

Mdogo wako,
Asha