Fimbo Yako Iko Mlangoni pa Tanuru

Kamwene, Baba Tuli,

Najua hutaniitikia, lakini mkono umekataa kuanza bila salamu. Ni mimi, yule uliyemfundisha kupanga matofali tanuruni hapa Ipogolo, ukakataa kumfundisha moto.

Tangu tukuzike, mwenye tanuru amekuja na wazo jipya: tuache matofali, tuchome vigae vya kuezekea. Wazo zuri, Baba. Ungekuwepo ungelishika kwa mikono miwili. Tumechoma mara mbili, na mara zote tumefungua tukakuta vipande. Amesema tukishindwa tena anafunga tanuru. Wenzangu wameanza kuulizia kazi za chai huko Mufindi.

Nilikukasirikia. Nakwambia wazi, nilikukasirikia nikiwa nimesimama kaburini kwako. Kila ulipofika wakati wa kuziba midomo ya tanuru ulitutuma sote mtoni. "Kachoteni maji, moto una kiu!" Tukirudi na ndoo, midomo imeshazibwa kwa udongo, nawe umekaa kwenye gogo unafuta jasho na kutucheka. Tulikupenda hivyo hivyo. Kisha ukafa, na ujuzi wote tukaufukia pamoja nawe Kihesa.

Halafu nikatutazama tuliobaki. Saidi anachanganya udongo ametupa mgongo. Mimi nikipanga, naning'iniza gunia mlangoni wasione. Sote tunaogopa kitu kimoja: mwenzako akijua unachojua, kesho kazi ni yake. Basi kila mtu kalinda kipande chake, na vigae vikatupasukia sote. Mficha uchi hazai.

Nikaling'oa lile gunia. Nikawaita waingie, wakaona ninavyoacha njia za moto kupita. Saidi akatema mate pembeni, akasema, "Haya, njooni na huku kwangu." Kumbe udongo wa vigae unataka uchanganywe na unga wa matofali mabovu. Alijua tangu mwanzo, Baba! Nusura nimpige, nikamkumbatia.

Ukabaki moto wako. Nikaenda kwa Mama Tuli. Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Nyie si alikuwa anawatuma maji? Mimi niliyemletea ugali hakunihesabu kabisa." Akaingia ndani akatoka na fimbo yako, ile tuliyodhani ni ya maringo. Akanionyesha ulivyokuwa ukiisimamisha juu ya mzigo wa matofali uliofunikwa udongo, kando ya ukuta. Mzigo ukiiva unashuka, na fimbo inashuka nao. Alama uliyokata kwa kisu ikifika usawa wa ukuta, unaziba. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Jana tumeziba. Hakuna aliyetumwa mtoni. Saidi alishika fimbo, wengine wote wakasogea kutazama alama ikishuka, na mkeo alikaa kwenye gogo lako akitukaripia tusisukumane. Nililia kidogo. Nilisingizia moshi.

Sasa tunasubiri tanuru lipoe. Pumzika, mwalimu wangu. Nakupenda, na siri yako sitaitunza. Fimbo nimeitundika mlangoni pa tanuru, aichukue yeyote mwenye zamu, na atakayekuja kazini nitamwonyesha siku ya kwanza. Vigae vikitoka vizima, tutakushukuru. Vikipasuka, tutakaa chini tutafute kosa, maana sote tuliona. Enzi zako matofali yalikuwa yakiiva, na hatukujua kwa nini.