Chensoo ya Mkono wa Kushoto

Jumamosi, usiku

Afadhali sikumwamini yule muuzaji.

Tangu bega la kulia litenguke, mke wangu ndiye anayenivutia kamba ya kuwashia chensoo, msumeno wangu wa mashine, kila asubuhi, kisha mimi nakata miti. Wateja wanacheka. Nilishaanza kuogopa kwamba watatafuta fundi mwingine.

Leo nimekwenda Nyakanazi kutafuta chensoo nyingine inayowaka kirahisi. Muuzaji akavuta kidogo tu, ikanguruma. "Umeona, mzee? Hata kwa kidole."

Alipoizima nikavuta mwenyewe, ikawaka. Lakini ilikuwa na joto la kuwashwa-washwa tangu asubuhi. Ikishapata moto, hata ile yangu mbovu huwaka bila ubishi. Nikamwambia naisubiri ipoe.

Alinuna. Nikakaa kwenye benchi lake nikila muhogo wa kuchoma, yeye akijifanya hanioni. Ilipopoa nikavuta tena. Bega likauma, mashine kimya. Ndipo akatoa nyingine ndogo kwenye boksi, akaitia mafuta. Hiyo imewaka ikiwa baridi hivyo hivyo, kwa mkono wa kushoto. Nusura nimkumbatie. Nikainunua.

Kwa magogo makubwa itachelewa. Sijali. Au najali kidogo.

Nyumbani mke wangu, Mama Rehema, naye ameijaribu. Ikawaka mara moja. Akaizima, akaitazama. "Basi Jumatatu sina kazi."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikamwambia njia ya kwenda kazini Nyantakara ni ndefu kwa mtu mmoja.

Akaenda kuosha vyombo. Kwenye kapu la kazini, vikombe bado ni viwili, changu na chake.